Vipofu Wawili wa Pangoni Si Lazima Wawe Ndugu

Mti wangu wa kwanza wa nasaba, yaani mchoro wa kuonyesha mnyama gani ni ndugu wa nani, ulipendeza sana, ila ulikuwa wa uongo. Nilikuwa najifunza kupanga salamanda (jamaa wa vyura, ila wana umbo la mjusi) wa jenasi Eurycea wa Texas, Marekani, kwa sifa za mwili peke yake. Wiki nzima najaza jedwali: macho, rangi, upana wa kichwa, urefu wa miguu. Programu ikawaweka rathbuni na tridentifera, spishi mbili za pangoni, bega kwa bega, tena kwa uhakika mkubwa. Nikafurahi. DNA ndiyo iliyoniumbua: wako matawi tofauti, na kila mmoja aliingia gizani kivyake.

Kosa langu lilikuwa la kuhesabu. Macho safu yake, weupe safu yake, kichwa bapa safu yake, miguu kama njiti safu yake, nikadhani nina mashahidi wanne. Kumbe ni shahidi mmoja tu, giza, aliyekuja mara nne akibadilisha kofia.

Siku hizi, kabla sijafungua programu, naweka alama kwenye kila safu inayonuka pango. Kisha najenga mti mara mbili, safu hizo zikiwemo na zikiwa zimetolewa. Tawi likisambaratika zinapotoka, nalitilia shaka. Lakini sizitupi. Wapo wanaozifuta tangu mwanzo, nami sikubaliani nao, maana wanyama wawili wa pangoni wanaweza kweli kuwa wamezaliwa na babu mmoja aliyekuwa kipofu tayari. Jenga mti kwa DNA (jeni kadhaa, si moja), halafu zirudishe sifa zile juu yake uhesabu macho yamepotea mara ngapi.

Ukiweza, shuka hadi kwenye jeni zenyewe. Samaki Astyanax mexicanus wa mapango ya Pachón na Molino, kule Mexico, wote ni weupe kwa sababu jeni iitwayo Oca2, inayohusika na rangi ya mwili, imeharibika. Jeni ni ileile, ila kipande kilichokatika Pachón sicho kilichokatika Molino. Ukiwapandisha, watoto wanatoka weupe vilevile, kwa kuwa hakuna mzazi mwenye Oca2 nzima ya kuwapa. Kwa macho mambo hugeuka: samaki vipofu wa mapango tofauti wakipandishwa, baadhi ya watoto wanaona, kwani jeni iliyoharibika kwa baba huwa nzima kwa mama. Mimi picha hiyo ilinifundisha kuliko mihadhara ya muhula mzima.

Na usidhani mtego uko kwa vipofu peke yao. Mwaka 1986, Bela Krajina nchini Slovenia, alipatikana Proteus (salamanda mwingine wa mapangoni, ambaye kwa kawaida ni mweupe na kipofu) mweusi mwenye macho yaliyokua vizuri kuliko ya wenzake weupe. Kwa sura ungemtenga, ukamfanya tawi la kale lililojitenga kabla weupe hawajaanza kugawanyika. DNA inamweka katikati yao.