Jibu: Buibui na kifuko chake cha mayai wakati wa baridi
Ndugu, umeuliza kama buibui mkubwa mwenye rangi nyeusi na manjano, uliyemwona bustanini kwako Ohio, Marekani, atakilinda kifuko chake cha mayai hadi majira ya machipuko. Kwa maelezo yako huyo ni Argiope aurantia, ambaye hufa baridi ya kwanza ya kugandisha maji ifikapo, ilhali mayai, yanayoweza kuzidi 1,000 katika kifuko kimoja, huanguliwa kabla ya baridi kali na watoto hubaki humohumo wamezubaa, wakikingwa na tabaka za hariri, mpaka joto lirudi. Nakusihi usikiingize ndani, kosa ambalo wengi hulifanya kwa huruma, kwani joto la sebuleni huweza kuwatoa mapema, wakakosa wadudu wa kula.