Jibu: Wananchi washirikishweje kufukia maduara na kurudisha ardhi?

Mkuu, umesema mwenye leseni anafunga machimbo ya dhahabu kijijini kwenu, ameahidi kufukia maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, na kuleta miche, na wewe mjumbe wa serikali ya kijiji unauliza wananchi waingizwe vipi. Huku kwetu mkoani Shinyanga tumelifanya jambo hilo mara mbili. La kwanza lilikuwa aibu.

Mwekezaji alileta lori la miche ya mikaratusi. Kukawa na turubai, mgeni rasmi, fulana na soda. Kila mtu akapanda mche wake, akapigwa picha, akaenda zake. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua imeshakata, na hakuna mkulima pale ambaye hakulijua hilo. Hatukuulizwa, nasi tukanyamaza tukanywa soda. Kufika Agosti vilibaki vijiti, navyo mbuzi walivimaliza. Tena vijana walirudi usiku na sururu wakafukua duara lililokwisha kufukiwa. Walikuwa wamechimba miezi kwa ahadi ya mgao wa mifuko ya mawe ya dhahabu, wakafungiwa kabla hawajaonja.

Kwa hiyo mara ya pili tulianza na madeni. Mtendaji alikaa chini ya mwembe na daftari: nani anadai mgao, nani mwenye marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa. Usipuuze marudio, mkuu. Wewe unaona lundo la vumbi, mwenzako anaona dhahabu iliyobaki na anangoja bei. Ukiyafunika kwa udongo, atayafunua. Tulisubiri hadi kiroba cha mwisho kikapakiwa.

Ndipo mkutano mkuu wa kijiji ukaamua eneo liwe ngitili, ikaandikwa kwenye muhtasari. Kwa wasio wa huku, ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, ulifufua ngitili nyingi mkoani hapa, mara nyingi kwa kufunga tu eneo na kuacha visiki vichipue. Basi hakuna mzee aliyehitaji semina. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakapewa kazi ya kulinda, faini ikapangwa na wafugaji wenyewe, na waliipanga kali kuliko ambavyo mimi ningethubutu.

Ila kwenye machimbo hakuna visiki. Udongo wa juu ulikuwa umezikwa chini ya mawe, na mwingine wafyatua tofali walishaubeba. Tulishindilia mawe chini, kifusi katikati, udongo mweusi kidogo tulioupata juu. Na usisawazishe: acha kichuguu, maana mvua mbili za kwanza zitakishusha. Lile la kwanza tulilisawazisha vizuri likapendeza, Januari likawa dimbwi.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mfugaji. Alisema hao mbuzi mnaowalaumu waleteni walale pale. Tukajenga boma la miiba, mbuzi wakalazwa kiangazi kizima, kila wiki mbili boma linasogezwa. Mchana walikuwa wanakula maganda ya migunga, usiku wanaacha samadi pamoja na mbegu. Mvua za Novemba zilipoanza, boma likaondolewa na eneo likafungwa. Ungeona vimche vya mgunga vimejipanga kwa miduara, kila mduara mahali boma lilipokuwa. Mikaratusi sikuiona tena na sikuikumbuka.

Miche ya ziada ilitoka kwenye kitalu cha akina mama. Hapo tulishikilia sharti moja: mwekezaji alipe nusu siku ya kupanda, nusu iliyobaki kwa kila mche utakaokutwa hai baada ya masika ya pili. Alilalamika. Akina mama nao walilalamika, hadi walipoanza kubeba maji ya kumwagilia bila kuambiwa na mtu.

Kwenye mwalo, pale walipokuwa wanaoshea dhahabu kwa zebaki, msipande chochote cha kuliwa, hata mchicha wa pembeni. Zebaki haiozi. Zungushieni minyaa, wekeni alama, watoto waonyeshwe kwa kidole.

Duara letu moja bado liko wazi. Limejaa maji na wafugaji wanalitaka liwe lambo la ng'ombe. Tumekataa hadi maji yapimwe. Sampuli zimechukuliwa, majibu bado, na kila jioni sungusungu wana kazi ya kurudisha ng'ombe wa mwenyekiti.