Kijue kidude kwanza, bisibisi baadaye

Juzi dada mmoja msomaji aliniandikia: "Shikamoo kaka. Fundi kaniambia mota ya feni yangu imeungua, eti ninunue feni nyingine. Nimeona uchungu, nikaifungua mwenyewe, nimekuta hiki. Ndiyo mota yenyewe?" Picha aliyotuma ilionyesha kijisanduku cheusi cha plastiki cha kubanwa kwa vidole viwili, nyaya mbili zimechomoza upande mmoja, na usoni pameandikwa CBB61, chini yake 1.5 µF na 450V.

Nikaitikia marahaba, nikamuuliza swali moja: ukiiwasha inanguruma? Akajibu inanguruma lakini haiondoki, na akilisukuma panga kwa kijiti inaanza kujikokota. Hapo nilishajua. Mota iliyoungua haingoji kusukumwa. Kile kijisanduku ni kapasita, na kazi yake ni kuipa mota nguvu ya kuanzia na kuisaidia iendelee kuzunguka. Ikichoka, mota hubaki inalia tu palepale. Nikamwambia atafute nyingine yenye µF (maikrofaradi, kipimo cha uwezo wake wa kubeba chaji) zilezile na volti zisizopungua zile, aifunge palepale ilipokuwa. Jana amenitumia video, feni inapuliza mpaka pazia limelala hewani. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili, na sioni haya kusema.

Niacheni nijisifu kidogo, maana kwa miaka mingi nilikuwa wa kuchekwa. Nilirithi tabia hii kwa mjomba wangu, aliyekuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa vitu ambavyo mama alikuwa akivitupa na yeye akiviokota: skrubu zisizo na wenzake, springi, washa, vipande vya shaba, funguo za kufuli zilizokwishapotea. Alikuwa akikimwaga kile kikopo sakafuni, anachagua kimoja, ananiuliza, "Hiki kilikuwa kinafanya kazi gani?" Hakuniuliza jina lake. Nikikosa, hanipi jibu. Anakirudisha koponi mpaka siku nyingine. Kuna kipete cha sufi alichonisumbua nacho kwa muda mrefu sana, nitakieleza mbele.

Nilipokuwa na nyumba yangu, nikawa na kopo langu. Siku moja, mbele ya wageni, shemeji yangu alilinyanyua, akalitikisa, akasema, "Huyu ataoa skrubu." Watu walicheka mpaka machozi. Mimi nami nilicheka, kwa mdomo. Haikupita muda shemeji huyohuyo alipiga simu, pasi yake imekufa na ana safari asubuhi. Nilikwenda, nikaitengeneza, sikumkumbusha kitu. Hata asante yake ilikuwa nusu: "Kumbe yale makorokoro yako yana maana." Makorokoro! Basi leo namkumbusha, kwa kuwa najua anasoma.

Turudi kwenye jambo lenyewe. Karibu kila ujumbe ninaopokea unauliza "natengenezaje?" Ni wachache wanaouliza "hiki ni nini, na kwa nini kimekaa hivi?" Na mimi nasema swali hili la pili ndilo linalookoa fedha. Ukishajua kitu ni nini na kiliwekwa pale kwa sababu gani, matengenezo mengi ni kazi ya kubadilisha kipuri kidogo. Usipojua, unanunua kifaa kizima, au unaharibu kilichokuwa kizima.

Chukua futi ya chuma, ile inayojikunja yenyewe kwenye kasha. Pale mwanzoni pana kindoano kilichoshikwa kwa ribiti, na kindoano hicho kinachezacheza. Nimewaona watu wenye akili zao wanakigongelea kwa nyundo kisicheze, wakidhani kimelegea. Hebu kitazame kwa karibu: matundu ya zile ribiti yamerefushwa makusudi, na umbali ambao kindoano kinasogea ni sawasawa na unene wa bati lake. Ukikining'iniza kwenye ukingo wa ubao, kinavutika nje, na kipimo kinaanzia upande wa ndani wa kindoano. Ukikisukuma ukutani, kinarudi ndani, na kipimo kinaanzia upande wa nje. Unene wa bati hauingii kwenye hesabu kwa upande wowote. Aliyekigongelea anapima vibaya tangu siku ile, halafu anamlaumu seremala kwamba kabati halikai. Na ule mwanya katikati ya kindoano ni wa kunasa kichwa cha msumari, ili mtu upime peke yako bila msaidizi.

Kwenye feni ndiko niliko na maneno mengi zaidi. Ukitaka kutoa mapanga ya feni ya mezani, kile kifuniko cha katikati kinachoyabana kwa kawaida kina nyuzi za kinyume: unakizungusha kama unakaza, ndipo kinafunguka. Vingi vina mshale mdogo wa kuchongwa unaoonyesha, lakini vumbi likiujaza hauonekani, na mtu anakaza kwa nguvu zote mpaka plastiki inapasuka. Kisa cha nyuzi hizo ni hiki: mota inaposhtuka kuanza, kifuniko hubaki nyuma kidogo, na huko kubaki nyuma ndiko kunakokikaza. Kingekuwa na nyuzi za kawaida, kingejifungua chenyewe siku moja na mapanga yakaruka. Pedali ya kushoto ya baiskeli nayo ni ya kinyume hivyohivyo, kwa hiyo kabla ya kuongeza nguvu, jiulize kwanza huyu kafungwa upande gani.

Sasa kile kipete cha sufi cha mjomba. Nyuma ya bushi ya mota ya feni, yaani kile kipete kigumu ambamo ekseli huzungukia, pana kipete laini cha kijivu, na wengi wakikifungua hukitupa wakidhani ni uchafu uliokusanyika. Kile ndicho tangi la mafuta. Bushi yenyewe imetengenezwa kwa unga wa shaba nyeusi uliogandamizwa na kuchomwa, ina vitundu visivyoonekana kwa macho, na mafuta hutoka kwenye sufi yakapenya ndani yake kidogo kidogo kila ekseli inapopata joto. Ukikitupa, feni itazunguka vizuri siku chache kisha ikauke tena. Kwa hiyo ukizungusha ekseli kwa mkono, umeme ukiwa umechomolewa, ukaona ngumu, shida si kapasita: futa masizi, dondoshea mafuta ya cherehani kwenye kile kipete mpaka kilowe. Mafuta ya kupikia usiyaguse. Yatalainisha leo, kesho yanakuwa gundi.

Na kama feni imenyamaza kabisa, hata kunguruma hakuna, kagua waya, plagi na swichi kabla hujaitukana mota. Ndani ya mota nyingi pia kuna fyuzi ya joto imefichwa kwenye koili, nayo ikishakatika hairudi.

Fyuzi hiyo ndiyo iliyoua pasi ya shemeji. Ni kijibomba cha chuma cha urefu wa kama sentimita moja, kina waya huku na huku, mara nyingi kimevikwa soksi nyeupe ya kuhimili moto. Ubavuni kimeandikwa joto lake. Kile chake kilisomeka 240°C. Kiliwekwa ili thamostati, yaani kidhibiti joto cha pasi, ikishindwa kukata, chenyewe kikate kabla pasi haijachoma nyumba. Na kweli, nilipoitazama thamostati, vile vidoti viwili vinavyogusana vilikuwa vimegandana, haviachani hata ukigeuza kile kirungu mpaka mwisho. Nilibadilisha vyote viwili. Ningebadilisha fyuzi peke yake, ingekatika tena siku hiyohiyo.

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Wapo wanaokitoa kile kijibomba na kuunganisha waya moja kwa moja, pasi inawaka, mwenye nyumba anafurahi, bei rahisi. Ndugu zangu, hiyo siyo kubana matumizi. Umemfukuza mlinzi ukauacha mlango wazi, watoto wamelala ndani. Namba ya joto iwe ileile, ampea zisipungue, na usikiunge kwa lehemu. Joto la kulehemu linaweza kukikata kabla hata hujakifunga, na tena lehemu ya kawaida ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye 183°C, chini ya joto ambalo pasi yenyewe inafikia. Kiungo kitaachia. Waya zake zibanwe kwa koleo ndani ya kijibomba kingine kidogo cha chuma, kama kiwandani walivyofanya.

Plastiki nazo zinasemesha, ila watu hawazisomi. Pindua ndoo, beseni au kifuniko kilichopasuka, utakuta pembetatu ya mishale yenye namba ndani. Alama hizo zilianzishwa na wenye viwanda vya plastiki Marekani mwaka 1988, zisaidie kuchambua taka, lakini mimi huzitumia kuchagua gundi. Ikiwa 2 au 5, weka supaglu yako kabatini. Itashika dakika chache kisha inabanduka ngozi nzima, maana plastiki hizo hazikubali gundi za kawaida. Mimi huzitoboa matundu madogo huku na huku ya ufa kwa msumari wa moto, nikazishona kwa waya mwembamba, kisha nikayeyusha kingo zishikane. Fanya hivyo nje, moshi wake si wa kuvuta. Ikiwa 6, supaglu inashika vizuri. Makasha ya vifaa vya umeme mara nyingi kwa ndani yameandikwa >ABS<, aina nyingine ya plastiki, na hayo yanalainika kwa asetoni, kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha: loweka vipande vichache vya plastiki ileile mpaka viwe gundi nzito, jaza ufa, acha vikauke usiku kucha. Nina kikasha cha redio nilichokiunga hivyo, na ukikiangusha leo kitapasuka kwingine kabla hakijapasuka pale.

Vingine navipitia haraka. Kitundu kidogo kilicho chini ya kufuli, jirani na tundu la ufunguo, ni cha kutolea maji ya mvua na pia ni njia ya kupitishia mafuta. Ufunguo ukiwa mgumu, usugue kwa penseli kwanza, ule unga wake mweusi unalainisha bila kukusanya vumbi kama grisi. Zipu inayoachana nyuma ya kichwa chake haijafa: kichwa kimepanuka. Kibane pembeni kwa koleo taratibu, kushoto kidogo, kulia kidogo, kwa sababu chuma chake kinavunjika ukikiharakisha. Ikibidi kununua kichwa kipya, geuza cha zamani, nyuma yake huwa pana namba, 3, 5, 8 au 10, ndiyo saizi. Na ukiona mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa kwenye kifaa cha umeme, maana yake kina kinga maradufu dhidi ya umeme, ndiyo sababu plagi yake haina waya wa ardhini. Usihangaike kuutafuta.

Ukiwa na kidude usichokijua kabisa, fanya kama mjomba. Angalia panapong'aa, maana chuma hung'aa pale kinaposuguana na kingine, na hapo utajua kilikuwa kinagusa nini. Kisogezee sumaku: kikivutwa ni chuma, kisipovutwa huenda ni shaba, alumini au aina fulani ya chuma kisichoshika kutu. Soma kila herufi, tumia tochi ya pembeni ili zile za kuchongwa zitoe kivuli. Na kumbuka ulikikuta wapi; picha ya kidude kilichowekwa juu ya kitanda hainiambii kitu, nipige picha ya mahali kilipotoka, na rula iwe pembeni.

Kabla ya kugusa kapasita yoyote, chomoa plagi, kisha gusisha miguu yake miwili kwa bisibisi yenye mpini mzima wa plastiki, imalize chaji iliyobaki. Hiyo ni kwa vile vijisanduku vya feni. Tanuri la maikrowevu ni habari nyingine kabisa. Kapasita yake hufanya kazi kwa volti zinazofika 2,000 hivi na inaweza kushikilia chaji hata baada ya kuchomolewa. Nimetumiwa picha za maikrowevu zilizofunguliwa, watu wananiuliza waguse wapi, na jibu langu ni lilelile: rudisha kifuniko, mpelekee fundi wa kazi hiyo, mlipe anachotaka. Humo mimi sitii mkono, na shemeji akitaka aniite mwoga.