Turbini za baharini: acha modeli ipunguze kasi ya maji

Juzi mwanafunzi mmoja wa uhandisi hapa Nairobi aliniandikia kuhusu kuweka turbini za mkondo wa bahari kwenye modeli yake, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa mwendo wa maji. Alikuwa ameshapata kasi ya maji ya kila saa, akaitumia kukokotoa umeme, na majibu yakamfurahisha sana. Nilipoyaona nilikumbuka kikao fulani cha Upper Hill ambacho hadi leo hakijanitoka moyoni.

Tulikuwa tukitathmini hori moja la Pwani. Kampuni iliyoongoza kazi ilichukua kasi ya maji ya bamvua, siku za kujaa na kupwa kukubwa, ikaipandisha kipeo cha tatu, kisha ikazidisha kwa idadi ya turbini zinazoweza kupangwa toka ukingo hadi ukingo. Kwa turbini moja hesabu hiyo inafaa. Yenye kipenyo cha mita 10, kwenye mkondo wa mita 2 kwa sekunde, hupitiwa na takriban kilowati 322, na kikomo cha Betz cha asilimia 59.3, yaani sehemu kubwa kabisa ambayo turbini iliyo peke yake inaweza kuvuna, huruhusu kama 191 tu. Lakini turbini hamsini si moja mara hamsini.

Modeli yangu ilionyesha hivyo waziwazi. Kila nilipoongeza safu, wekundu unaoonyesha kasi ya mkondo kwenye ramani ulififia hata kabla maji hayajazifikia turbini, huku pembeni, karibu na mikoko, maji yakikimbia kuliko zamani. Nikawaonyesha. Nikaambiwa nawavunja moyo wawekezaji, na kikao kilichofuata sikuitwa. Niliumia, na bado naumia, kwa sababu hesabu yangu ilikuwa sahihi.

Wala halikuwa jambo geni. Mwaka 2005, watafiti Chris Garrett na Patrick Cummins walionyesha kwamba mlango wa bahari kati ya mabonde mawili makubwa una kilele chake cha nguvu inayoweza kuvunwa. Ukikifikia, mtiririko umeshashuka hadi kati ya asilimia 58 na 71 ya ulivyokuwa; ukizidisha turbini, nguvu inapungua. Hori lililofungwa upande mmoja lina tabia zake, lakini nalo haliponi sheria hiyo.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoanza, nishati itoeni ndani ya modeli, si kwenye jedwali baada ya modeli kumaliza kazi. Turbini ni ukinzani: nusu ya msongamano wa maji, mara eneo linalofagiwa na mapanga, mara kigezo cha msukumo (namba inayoonyesha turbini inavyoyazuia maji), mara kasi kipeo cha pili. Kwenye modeli za wastani wa kina, zinazotumia kasi moja ya wastani toka juu ya maji hadi chini, wengi huusambaza kama msuguano wa ziada wa sakafu ya bahari. Ni njia nzuri, ila chunga kasi unayoingiza. Kigezo cha msukumo hutegemea kasi ya maji kabla hayajaguswa, ilhali seli, yaani kipande kimoja cha gridi ya modeli, inakupa kasi ambayo turbini imeshaipunguza. Seli zikiwa ndogo, kosa linakua. Watafiti Stephan Kramer na Matthew Piggott walitoa masahihisho yake mwaka 2016, yatumie.

Mpaka wa modeli nao usiuweke mdomoni mwa hori. Ukiyalazimisha maji kujaa na kupwa hapo vilevile kama zamani, turbini zako haziwezi kubadilisha chochote nje. Usogeze mbali, nje ya matumbawe.

Najua namba kubwa ndizo hufungua mifuko. Mtaambiwa mnachelewesha maendeleo, na pengine mtaachwa nje kama mimi. Simameni na hesabu zenu. Endesheni modeli angalau siku 15, ipite bamvua na maji mafu (siku za kujaa na kupwa kudogo), kwanza bila turbini kisha ukiwa nazo. Ramani zote mbili ziingie kwenye ripoti, pamoja na tofauti ya kina cha maji ndani ya hori, maana mikoko na wavuvi wa kule watabaki na hori hilo hata mwekezaji akiondoka.