Kamera haipigi hodi

Mwaka jana mamangu aliteleza kwenye ngazi hapa kwetu Lamu, na ngazi za nyumba hizi za mawe mwazijua, nyembamba na kila kipandio na kimo chake. Hakuvunjika alhamdulillahi, ila nyonga ilimuuma wiki tatu na sisi watoto tukaingiwa na kiwewe. Kakangu mkubwa yuko Doha, akatuma kamera mbili za wifi na mashine ya presha ile inayounganishwa na simu, akasema fundi aitwe siku hiyo hiyo. Fundi akaja, moja akaifunga msanani, ule ukumbi mrefu wa nyumba, ya pili chumbani kwa mama ikaelekezwa kitandani kabisa, na mama mwenyewe hayupo, alikuwa Shela kwa dadake. Aliporudi akaona kitaa chekundu chamulika ukutani, akauliza, "Mato ya nani haya?" yani macho.

Tukamwambia ni ya kukuangalia usianguke tena. Hakujibu kitu.

Siku ya pili kakangu anapiga simu anafoka ati kamera imekufa haioneshi kitu, nikapanda juu nikakuta mama ameifunika na leso, na jina la leso ni "Ya kwangu yanakuhusu nini". Mpaka leo sijui kama alichagua makusudi, na simuulizi.

Nilicheka alafu nikaona haya. Manake waliojenga nyumba hizi walijua wanachofanya, mwanamume mgeni anaishia dakani, kile kibaraza cha mlangoni, mlango umepindishwa hata ukiwa wazi apitaye njiani hakuoni, ukiingia kuna kiwanda yani ua wa ndani, kisha misana, kisha ndani ndo kwa wanawake wenyewe, na kila ukisogea ni hodi nyengine. UNESCO waliutia mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 na wageni wanakuja kuyapiga picha majumba hayo. Sisi kwa kikamera cha elfu chache tu tumemtia mtu wa Doha mpaka kitandani kwa mama, pamoja na mkewe na vijana wake kwa sababu paswadi ni moja wanatumia wote, na mama yuko kichwa wazi anajipaka mafuta ya nyonga.

Kwa hivo la kwanza kwa wenzangu mnaolea wazee, muulizeni mwenyewe kabla hamjanunua. Sio kumwarifu baada ya fundi kushuka ngazi. Mama ana miaka sabini na tisa, akili yake iko sawa kuliko yangu, alitulea sisi saba na hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Na hata mzee ambaye kumbukumbu imeanza kumpotea bado anajua kusema hapa staki, ukimtazama uso utaona, na akikataa leo jaribu kumuuliza siku nyengine ametulia.

Tulikaa naye tukaelewana hivi. Ya chumbani itolewe. Ya msanani ihamie chini ya ngazi maana hofu yetu ilikuwa kuanguka, sio kujua amelala saa ngapi. Sauti izimwe. Paswadi iliyokuja na kamera ibadilishwe (ilikuwa admin, admin, wallahi mtoto wa madrasa angeingia) na aangalie kakangu na mimi peke yetu. Alafu kuna msichana anayemsaidia kazi, hakuna aliyemwambia kuna kamera, mwezi mzima anafagia akiimba kumbe anatazamwa. Na yeye ana stara yake jamani, mwambieni.

Sasa la sukari, na hili kosa ni langu mwenyewe. Nilipiga picha karatasi ya maabara, sukari 14.2 kabla hajala, nikaitupa kwenye grupu la familia ili waombe dua. Grupu lina watu sitini na kitu, wengine nawajua kwa jina la simu tu. WhatsApp usipozima ile sehemu ya kuhifadhi picha zinaingia zenyewe kwenye gallery ya kila mtu, kwa hivo karatasi ya mama ikakaa kwenye simu za watoto katikati ya katuni. Wiki hiyo mama yuko harusini, mwanamke ambaye hata si jirani akamwondolea sahani ya halwa mbele ya watu, "wewe shoga hii haikufai". Mama alirudi nyumbani mapema, akaniuliza nimemtangaza kwa kipaza sauti au vipi. Afadhali angenipiga.

Tangu hapo majibu yanakwenda kwa watu wawili tu, anayenunua dawa na anayempeleka kliniki, na nikishatuma nafuta kwangu. Grupu wanapata "mama yuko salama, anawasalimu". Wakidai zaidi nawaambia mpigieni mwenyewe, ana simu.

Ile mashine ya presha nayo, programu yake ilitaka kontakti zangu zote na mahali nilipo. Presha ya mama na namba za mashoga zangu zina undugu gani? Nikakataa zote, mashine ikapima vilevile kwenye kioo chake. Mama anaandika kwenye daftari, namba za kawaida ili nesi asome, na maelezo yake ya pembeni kwa herufi za Kiarabu kama wazee wa huku walivyokuwa wakiandikiana Kiswahili, kizunguzungu kilianza lini, alikula nini, amegombana na nani. Nesi hasomi, wajukuu hawasomi. Paswadi gani ishinde hiyo.

Kliniki moja tulikuta kijana wa mezani anapiga picha kitambulisho cha mama na kadi yake na simu ya mkononi, ati ataingiza kwenye sistim baadaye. Nikamuuliza kwa upole, hii simu ni ya kliniki ama yako? Yake. Nikamwomba afute mbele yetu, na kwenye lile pipa la zilizofutwa pia. Alinuna kidogo ila alifuta. Haki unayo hapo, Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 31 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imezihesabu habari za afya kuwa data nyeti, mama anaweza kuuliza wameweka nini juu yake, kikiwa na makosa kisahihishwe, na wakimpuuza kuna ofisi ya Kamishna wa Data ya kupokea malalamiko. Lakini sheria hiyo hiyo imeyaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake, yani kamera yetu na grupu letu huenda Kamishna asitusaidie, hapo tumeachiwa sisi na adabu zetu.

Na watu wa simu. Tangu NHIF, ile bima ya afya ya serikali, iondoke ije SHA mahali pake, Oktoba 2024, mtu yeyote anaweza kumpigia mzee amwambie anatoka bima, nisomee namba iliyoingia kwa meseji. Mama tumemfundisha jibu moja, "ngoja mwanangu aje", kisha anakata. Mimi mwenyewe alishanikatia mara mbili nikiwa Mombasa na laini ya kuazima.

Juzi kakangu ameanza tena, anataka kamera ya jikoni eti gesi. Mama akasema sawa, ila na yeye aeke yake kwanza huko Doha jikoni kwake, aone anakula nini na anasema nini na mkewe. Mpaka leo hatujapata jibu.