Wasomaji Wanauliza: Kijiji cha moshavi na chama chetu cha msingi

SWALI: Kwenye mkutano wa chama chetu cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa korosho, mjumbe mmoja alisema Wayahudi waliohamia Palestina walianzisha vijiji vya ushirika vinavyoitwa moshavi, na kwamba ni ujamaa uleule wa hapa kwetu. Ni kweli? (Katibu, Newala)

JIBU: Vijiji walivianzisha kweli, ndugu Katibu, ila si ujamaa uleule, na tofauti inaanzia mlangoni mwa nyumba. Moshavi ya kwanza, Nahalal, ilianzishwa Septemba 1921 katika Bonde la Yezreeli na familia zipatazo 80, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuishi Degania, kibutsi cha kwanza, kilichoanzishwa 1910, ambako shamba, jiko na mfuko wa fedha vilikuwa vya wote. Ushirika waliutaka, ila kila familia ibaki na jiko lake na ng'ombe wake.

Msanifu Richard Kauffmann alikichora kijiji kwa umbo la duara. Majengo ya umma yako katikati, nyumba zinayazunguka, nyuma ya kila nyumba kuna zizi, na nyuma ya zizi shamba linapanuka kadiri linavyokwenda mbali, kama kipande cha mkate wa kumimina. Mkulima akitoka mlangoni na kupita zizini, yuko kazini. Kwetu, wakati wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini miaka ya 1970, watu walisogezwa barabarani na mikorosho mingi ikabaki mbali, porini, bila wa kuipalilia. Korosho za nchi nzima zilifika takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, kisha zikaporomoka. Bei mbaya na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, vilichangia, lakini umbali huo nao usisahauliwe.

Cha pamoja kilikuwa ununuzi, mauzo, maji na mikopo. Maziwa yalipimwa kijijini na kuandikwa kwenye akaunti ya familia. Upande wa pili ikaandikwa mbolea na chakula cha mifugo walichochukua. Chama kiliuza, kikakata deni, kikalipa salio. Makato ya namna hiyo mnayajua. Ila maziwa yanaleta fedha mwaka mzima, korosho zinaleta msimu mmoja, kwa hiyo kosa la hesabu kwenu linagundulika baada ya miezi mingi. Kuajiri vibarua kulikatazwa. Mgonjwa alilimiwa na majirani.

Ardhi yenyewe ina historia nzito. Ilinunuliwa na Mfuko wa Taifa wa Wayahudi kutoka kwa familia ya Sursock ya Beirut, na katika mauzo hayo ya bondeni wapangaji Waarabu walipoteza mashamba waliyokuwa wakiyalima. Sehemu kubwa ilikuwa kinamasi chenye malaria, hivyo kazi ya kwanza ilikuwa kukausha maji. Wanamoshavi nao hawaimiliki. Wanaikodi kwa miaka 49, mkataba unaoweza kuhuishwa.

SWALI: Chama chetu kinataka kukopa salfa, dawa ya ubwiri unga, kwa dhamana ya wanachama wote. Moshavi walikopaje? (Mjumbe wa bodi, Nachingwea)

JIBU: Walikopa hivyo hivyo, na ndiko kulikowaumiza. Kila mwanachama alimdhamini mwenzake, kijiji kikalidhamini shirika la ununuzi la kanda, na shirika likakopa benki. Miaka ya mfumuko mkubwa wa bei, uliopita asilimia 400 kwa mwaka mnamo 1984, deni lilionekana jepesi. Serikali ilipoudhibiti mfumuko kuanzia Julai 1985, bei zilitulia lakini riba ikabaki juu sana. Madeni yakavimba. Aliyelima vizuri akajikuta anakatwa kwa deni la jirani, akaanza kuuza pembeni. Chama kikakosa mzigo wa kukata, na waliobaki waaminifu wakaelemewa zaidi. Mwaka 1992 Israeli ikalazimika kutunga sheria ya kupanga upya madeni ya wakulima.

Chukulia mna wanachama 100 na kila mmoja amekopa 300,000. Wakishindwa 20, pengo ni milioni 6, yaani 75,000 kwa kila mmoja wa wale 80, kabla ya riba. Hapo ndipo wa kangomba, mnunuzi wa korosho nje ya ushirika, anapopata mlango, kwa sababu analipa taslimu na hakati kitu.

Kwa hiyo mkopo uandikwe kwa jina la mtu na kwa idadi ya mifuko, si kwa jumla ya chama. Dhamana iwe ya kikundi cha watu watano hadi kumi wanaojuana mashamba, na iwe na kikomo cha shilingi kilichoandikwa. Salfa inahitajika kuanzia Juni maua yanapochomoza, minada huanza Oktoba. Msisaini mkopo unaodai marejesho kabla ya hapo. Na orodha ya madeni ibandikwe ukutani ghalani kabla ya mnada wa kwanza. Hili la mwisho tunalisisitiza, kwani deni lililofichwa ndilo linalomfanya mkulima ashuku kila makato, hata yaliyo halali.

SWALI: Shamba la moshavi hugawanywa kwa watoto? (Msomaji, Lindi mjini)

JIBU: Haligawanywi. Mtoto mmoja tu ndiye anayeendelea nalo. Wengine hutafuta maisha kwingine au hupewa kiwanja cha nyumba pale kijiji kinapokuwa na nafasi.