Maneno yanayojirudia kwenye Biblia: anzia Mwanzo 39

Bwana asifiwe, mleta uzi. Umeuliza kama maneno yanayojirudia kwenye Biblia yana uzito wowote au ni mtindo tu wa kusimulia wa watu wa kale. Yana uzito, ila kuhesabu peke yake hakutakufikisha mbali. Angalia neno limekaa wapi, na ni nani analisema.

Chukua Mwanzo 39, sura tunayoanza nayo kila mgeni anapojiunga na kikundi chetu cha Biblia. Pigia mstari kwa penseli kila panaposema BWANA alikuwa pamoja na Yusufu. Utapata mstari wa 2, wa 3, wa 21 na wa 23. Miwili ya juu, Yusufu yuko nyumbani kwa Potifa, Mmisri aliyemnunua. Miwili ya chini, yuko gerezani. Kishawishi, kusingiziwa na kufungwa viko katikati, na huko kote msimulizi haisemi kauli hiyo. Anairudia pale Yusufu akishatiwa ndani! Halafu, Potifa anaona kwamba BWANA yuko na kijana huyu, sisi wasomaji tunaambiwa, lakini katika sura nzima hakuna anayemwambia Yusufu mwenyewe. Dada mmoja wa kikundi chetu, aliyekuwa amesingiziwa wizi kazini, alipoliona hilo aliomba tuusome tena mstari wa 21, na jioni ile hatukutoka hapo.

Ukimaliza, fuata neno "mkononi". Potifa anaacha mali yake yote mkononi mwa Yusufu. Kisha nguo ya Yusufu inabaki mkononi mwa mke wa Potifa. Kisha mkuu wa gereza anawatia wafungwa wote mkononi mwa Yusufu. Mkono ulioaminiwa unasingiziwa, halafu unaaminiwa tena.

Kwa Union Version, ile tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, usitegemee kusikiliza tu. BWANA kwa herufi kubwa ni Mungu, "bwana wake" ni Potifa, na mstari wa 3 unao wote wawili. Fungua ukurasa uone kwa macho. Maneno kama "akasema" na "basi" yaache, yamejaa kila mahali. La kufuatilia ni lile linalosongamana sehemu moja, likapotea, likarudi.

Baada ya hapo nenda Zaburi 121. Tafuta "linda" pamoja na "mlinzi": utayakuta mara 6 ndani ya mistari 8. Mstari wa 1, wa 2 na wa 6 hauna. Andika hapa unachokiona kwenye huo wa 6, tuendelee.